Salamu za Nosim

Olbalbal, 11 Agosti 2024

Wifi yangu Lilian,

U mzima huko? Sisi tupo, ng'ombe wapo ingawa wamekonda, na vumbi ndilo limekuwa mwenye nyumba. Kaka yako Parmuat anakusalimu. Nimeamua kuandika kwa sababu mtandao uko kilimani tu, na siwezi kupanda nikamwacha Nosim. Barua ataileta Modest, dereva wa boza linalopeleka maji hotelini.

Wifi, mwanangu amemng'ata baba yako. Jumapili iliyopita walikuja wazee wa rika lake, watoto wakajipanga na kuinamisha vichwa waguswe kwa salamu, kama tulivyofanya sote tukiwa wadogo. Ilipofika zamu ya Nosim, Baba akamgusa utosini. Mtoto akapiga ukelele, akamng'ata mkono mpaka damu ikatoka, wenzake wote wakitazama. Ana miaka saba na hasemi neno, na sasa hata salamu ameikataa. Baba amesema mvua za vuli zikianza apelekwe Soitsambu kwa shangazi yenu Naisenya, akae huko moja kwa moja. Parmuat katoka kwenda kwa ng'ombe. Na mimi mkwe, nitasimama wapi nimjibu baba mkwe?

Kuna jingine, nalisema kwa aibu. Nikienda kuteka maji namfunga mguu kwa kamba ya ndama. Nisipomfunga anakimbilia korongoni. Wewe unafanya kazi na watoto wa namna hii, nisaidie.

Wifi yako,
Eunike


Karatu, 20 Agosti 2024

Wifi Eunike,

Mimi sijambo, ni hii baridi ya Karatu tu inayonilaza na soksi. Modest anasema umekonda kuwashinda hao ng'ombe. Kula, bwana, wewe si wa kuuzwa mnadani.

Barua yako nimemsomea mwalimu Angelina, mkuu wa kituo chetu. Anasema Nosim hajalaaniwa, usiwasikilize watu. Ubongo wake unapokea mambo kwa namna yake, na anapong'ata kuna kitu anatuambia. Nimekutumia daftari. Kila aking'ata, andika kilichotangulia: alikuwepo nani, alimfanyia nini.

Ila hiyo kamba uifungue leo hii. Mtoto si mnyama, Eunike. Nimesikitika sana kusoma jambo kama hilo kutoka kwako.

Wifi yako,
Lilian


Olbalbal, 1 Septemba 2024

Lilian,

Tu wazima.

Umesikitika. Haya. Wewe unaishi nyumba yenye geti na bomba la maji uani. Mimi maji ni saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Nikifungua kamba nani atamshika, hilo daftari? Unadhani sioni alama kwenye kifundo cha mwanangu? Kila jioni naipaka mafuta, na nalia.

Daftari limefika.

Eunike


Karatu, 15 Septemba 2024

Wifi yangu,

Hujaniuliza hali yangu na ni haki yako. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nisamehe. Nilikuandikia kama mtu wa ofisini, si kama wifi.

Hapa kituoni wazazi hukutana kila Alhamisi. Nilimweleza mama mmoja wa Buger, Leonida, ambaye mwanawe huvunja kila anachokishika. Akanijia juu! Akasema, "Mimi nilikuwa namfungia chumbani nikienda kulima. Watu wote walinisema, hakuna aliyeniuliza nani abaki naye. Huyo wifi yako kwanza apate mtu wa kupokezana naye, ndiyo umwambie habari za kamba."

Basi nimemtuma Modest kwa mama yangu, amwambie kwa mdomo wake: siku za maji Nosim ni wa bibi yake. Mama akilalamika kiuno, mwambie Lilian anakijua vizuri hicho kiuno, kwenye harusi hakiumi.

Ukitaka kuandika, andika. Usipotaka, nitaendelea kukuulizia kwa Modest.

Wifi yako anayekupenda,
Lilian


Olbalbal, 17 Novemba 2024

Wifi yangu Lilian,

Natumaini u mzima, na soksi bado unazo. Miezi miwili nimekunyima neno. Mwanzoni ilikuwa hasira, baadaye nilitaka niwe na kitu cha kukuambia.

Mama yako Nareyu alikuja kesho yake tu baada ya kupata ujumbe wako, na kiuno chake. Siku ya kwanza Nosim alimng'ata, nikajua hatarudi. Akarudi. Sasa anamjua Nosim kunishinda mimi.

Daftari limejaa. Mara kumi na tisa ameng'ata, na kumi na sita kati ya hizo mtu alikuwa amemgusa kichwa, polepole, kwa upendo. Lakini huyohuyo Nosim huenda kwa punda wetu, akasukumiza kichwa kwenye tumbo lake kwa nguvu zake zote, akatulia. Ni mama ndiye aliyeliona hilo. Siku moja nikajaribu: nikasubiri aje mwenyewe, nikamkandamiza utosi kwa kiganja kizima, kwa uzito. Hakulia. Nilipoondoa mkono, akaushika akaurudisha. Wifi, nilikaa palepale chini nikalia kama mjinga.

Anachokikataa ni ule mguso mwepesi. Salamu hajaikataa. Ila vuli imeanza, na Baba anarudi wiki ijayo toka malishoni. Mimi siwezi kumfundisha baba mkwe namna ya kusalimia. Wewe ni binti yake. Mwandikie.

Wifi yako,
Eunike


Karatu, 24 Novemba 2024

Wifi,

Haraka haraka, Modest ameshawasha gari. Ruhusa nimenyimwa, siwezi kuja. Barua niliyomwandikia Baba iko ndani ya hii, Modest atamsomea. Nimemwomba haya tu: asimnyooshee Nosim mkono, akae, amngoje aje mwenyewe, ndipo amkandamize utosi kwa uzito.  Sijawahi kumwambia baba yangu afanye nini.

Wifi yako,
Lilian


Olbalbal, 8 Desemba 2024

Wifi yangu mpendwa,

Sote wazima, na majani yameota mpaka mlangoni. Usiruke mistari, soma mmoja mmoja.

Baba alisomewa barua mbele ya watu. Akauliza, "Tangu lini mzee akamngoja mtoto?" Akaenda zake. Kesho yake asubuhi akachukua kigoda, akaenda kukaa karibu na punda. Nosim hakumtazama. Siku ya pili vilevile, na mvua ikamnyeshea. Siku ya tatu, mimi nikiwa nachungulia mlangoni, Nosim akamjia, akamsukumizia kichwa tumboni mpaka kigoda kikayumba. Baba akaweka kiganja utosini, akakandamiza kama ulivyomwandikia. Akamsalimia kama binti yeyote: "Takwenya." Akangoja kuitikiwa. Akangoja sana. Kisha akaitikia mwenyewe kwa niaba yake, taratibu: "Iko."

Jioni akamwambia Parmuat amtumie Naisenya habari kwamba mtoto haendi, ana kazi ya kumsalimia babu yake.

Sikudanganyi, juzi amemng'ata mama tena, na bado anakimbia. Lakini kamba iko kwa ndama.

Alhamisi ya kwanza ya Januari tunakuja na Modest, nimwone huyo Leonida. Tafuta nafasi ya ziada, maana Baba anauliza kama hapo kituoni mababu wanaruhusiwa kuingia.

Wifi yako,
Eunike