Kisanduku cha Mwangwi

Malaba, Jumamosi, Agosti 1998

Kumbe ilikuwa waya mmoja tu. Wiki mbili kisanduku changu cha kutia mwangwi kwenye gitaa kinalia kama mbu, na leo nimeulehemu tena, kikanyamaza. Chipu yake ya kidijitali niliitoa kwa mashine mbovu ya karaoke ya sokoni Busia. Boksi ni mkebe wa majani chai.

Kwa mazoezi ya kwaya nilikanyaga swichi, kila noti ikajirudia mara tatu, safi kabisa. Mama Nekesa wa soprano akageuka kutafuta gitaa la pili.

Pasta, ambaye juzi alikiita kitu cha disko, alinivuta kando.

"Fundi, hii inaweza kuingia maikrofoni?"

Nikamwambia haiwezi.

Inaweza, Mungu anisamehe. Lakini mahubiri yake ni masaa mawili hata kabla ya kurudiwa.