Vitabu vya Kutisha vya Mzee Wilibrodi

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Karatu
Tarehe: 17 Oktoba 2023, saa 3:20 asubuhi
Jambo linalochunguzwa: Kuchoma mali na kujeruhi
Jina la shahidi: Leonida Sulle
Umri: Miaka 51
Kabila: Mwiraqw
Dini: Mkristo
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Mbulumbulu

Mimi niliyetajwa hapo juu nimefika kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimeonywa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa, na nimeelewa.

Nyumba yangu iko mita kama mia tatu kutoka kwa Mzee Wilibrodi Qamara, ambaye vitabu vyake vimechomwa. Josephati Sulle, anayetuhumiwa kuvichoma, ni mdogo wangu wa tumbo moja. Naanza na hilo ili lisije likaonekana baadaye kwamba nililificha.

Mzee Wilibrodi ana miaka sitini na sita. Aliendesha magari ya watalii kwa miaka thelathini na moja, akipeleka wageni kreta na Serengeti. Wageni wakimaliza kusoma vitabu vyao huviacha vyumbani, na wahudumu wa hoteli walipojua anavipenda wakawa wanamwekea. Yeye alichagua vya kutisha tu. Ni vitabu vidogo vya Kiingereza vya miaka ya sitini na sabini, karatasi zake zimekuwa rangi ya chai, na kwenye jalada kuna fuvu, au mkono unatoka kaburini, au mwanamke anakimbia jumba kubwa akiwa na gauni la kulalia. Alikuwa na vya Kiswahili pia, vya zamani, vya mizimu na majini, alivyovitafuta kwa wauza vitabu vikuukuu Arusha. Kila kimoja alikifunga kwenye nailoni, na ndani ya jalada aliandika jina lake, mahali alipokipata na mwaka. Viko kwenye matranka manne. Yaani vilikuwa.

Mimi niliviona mara ya kwanza mwezi Machi 2021, nilipompelekea suruali niliyompunguzia kiuno. Kimoja kilikuwa mezani, kina picha ya popo mwenye uso wa mtu. Nikasimama nakitazama. Akaniuliza, "Unaogopa, Mama Simon?" Nikasema, "Kidogo." Akasema, "Basi kichukue. Ukiacha kuogopa, kirudishe."

Niliishia kidato cha nne, na Kiingereza changu kilikuwa kimelala. Nilikisoma kwa kamusi, wiki tano. Kuanzia hapo nimeazima kingine na kingine. Sikuvihesabu, ila havipungui arobaini.

Jumamosi saa tisa alasiri huwa anaonyesha pia filamu za kutisha za zamani sebuleni kwake, kwenye kanda za video. Mara nyingi tulikuwa watatu: yeye, mimi, na Tajewo, kijana wa kijiji cha Piyaya ambaye ni mlinzi kwenye kambi ya wageni hapo jirani. Nakumbuka siku moja dude lilitoka ziwani kumkamata mwanamke, limejaa magamba, nami nimejifunika kanga. Tajewo akasema taratibu, "Mzee, hili jini lina zipu mgongoni." Mzee Wilibrodi akarudisha kanda nyuma, na kweli zipu ilikuwepo. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Afande ameniuliza kwa nini mtu mzima apende vitu vya kutisha. Nimemjibu kwamba mume wangu aliugua miezi kumi na moja kabla ya kufariki, na hofu ile haikuwa na mahali pa kuifungia. Hofu ya kitabu ukikifunga inabaki humo ndani.

Kuhusu vitabu hivi sikumwambia mtu. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, wanawake wananiletea shida zao. Kila kitabu nilikifunga ndani ya kitambaa cha mteja na kukiweka chini ya meza ya cherehani.

Mwanzoni mwa Oktoba mwaka huu ng'ombe wawili na ndama mmoja wa Josephati walikufa ndani ya siku tisa. Afisa mifugo alikuja, akasema ni ndigana kali, ugonjwa wa kupe. Josephati alimsikiliza lakini hakuridhika, kwa sababu ng'ombe wa jirani yake, wanaokula malisho yale yale, hawakuugua.

Mnamo tarehe 12 Oktoba, siku ya Alhamisi, majira ya saa nane mchana, Josephati alikuja kwangu kuchukua sare za watoto wake. Mimi nilikuwa uani naanua nguo. Niliporudi ndani nilimkuta amesimama, ameshika kitabu. Alikuwa amevuta kitambaa akidhani ndiyo sare. Kwenye jalada kulikuwa na fuvu la ng'ombe, na kwenye kila pembe mshumaa unawaka.

Akaniuliza, "Dada, hiki ni nini?"

Nikasema, "Sijui. Labda mteja amekisahau."

Akakifungua, akasoma jina. Kiingereza hajui, lakini jina la mtu analisoma. Akasema, "Kwa hiyo Wilibrodi ameingia humu."

Nikaanza kukunja nguo nilizoanua. Akasema tena, "Ameingia nyumba ya dada yangu na kichwa cha ng'ombe, na ng'ombe wangu wanakufa." Akakiweka ndani ya koti, akachukua sare, akaondoka. Nilikuwa na nafasi ya kumwita kabla hajafika barabarani. Sikumwita.

Ijumaa sikufanya lolote. Namba ya simu ya Mzee Wilibrodi ninayo, sikumpigia. Jumamosi sikwenda kwenye filamu. Nilikaa nikashona mapazia ambayo hayakuwa na haraka.

Mnamo tarehe 15 Oktoba, siku ya Jumapili, tulitoka kanisani saa nne kasoro asubuhi. Nilimwona Josephati langoni akiongea na wanaume wanne. Ninayemjua kwa jina ni Leonce, fundi pikipiki. Mmoja wao alikuwa ameshika kile kitabu. Josephati aliniona, akageuza uso. Nikaenda nyumbani.

Majira ya saa nne na nusu niliona moshi upande wa kwa Mzee Wilibrodi. Nilikimbia, nikapoteza kiatu kimoja njiani.

Nilipofika, matranka yote manne yalikuwa uani, vifuniko wazi, na vitabu vimemwagwa chungu moja pamoja na kanda za video. Leonce alikuwa na dumu la petroli na moto ulikuwa umeshashika. Watu kama ishirini walikuwa wanatazama. Mzee Wilibrodi alikuwa amesimama karibu na mlango wake. Sikuona mtu akimpiga. Alikuwa anasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Jamani, ni hadithi. Someni hata kimoja. Ni hadithi." Josephati akamwambia, "Utawasomea wachawi wenzako." Kisha akachukua kile kitabu cha fuvu kutoka kwa yule aliyekishika, akakitupa motoni yeye mwenyewe.

Hapo Mzee Wilibrodi aliingia kwenye moto. Alipiga magoti akaanza kuvuta vitabu kwa mikono. Nailoni ilikuwa inayeyuka, ikamganda vidoleni. Tajewo alikuwa anakuja kutoka barabarani, akamfikia kabla yetu sote. Alimvuta nyuma na kumfunika mikono kwa shuka lake lililolowa, alilolichovya kwenye ndoo ya maji ya mbuzi. Mzee hakupiga kelele. Alikuwa anatazama vitabu.

Nilisimama kati ya Josephati na moto. Nikasema kwa nguvu ili wote wasikie, "Kitabu ulichokikuta kwangu nilikiazima mimi. Nimeazima vingi, mwaka wa tatu sasa. Kama kusoma hivi ni uchawi, mchawi wa kwanza ni dada yako."

Mama mmoja wa jumuiya yangu aliondoka na watoto wake.

Josephati akasema, "Kwa nini hukusema Alhamisi?"

Nikasema, "Niliona aibu."

Akaniuliza tena, "Aibu ya nini?" Kama vile kweli hakuelewa. Akakaa chini kwenye vumbi na suti yake ya kanisani. Leonce na wale wengine wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mimi na majirani watatu tulimwaga udongo juu ya moto. Vilivyopona havikujaza hata mfuko wa saruji, na vingi kati ya hivyo havina kurasa za mwisho.

Mwenyekiti wa kitongoji alifika saa tano na robo akapiga simu polisi. Tajewo alitafuta gari, tukampeleka Mzee Wilibrodi hospitali.

Jana, tarehe 16, saa nne asubuhi nilikwenda kumwona. Mikono yote miwili imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko. Daktari amesema vidole viwili vya mkono wa kulia huenda visikunjike tena. Nilimwambia habari ya Alhamisi yote, na Ijumaa, na Jumamosi, na langoni kanisani. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza akauliza, "Ulikuwa umefika ukurasa wa ngapi?"

Nikasema, "Tisini na mbili. Wameshaingia kwenye zizi."

Akasema, "Bado hujafika penyewe." Akaanza kunisimulia kuanzia hapo, kwa kichwa, akisimama kila maumivu yanapomshika. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walizima redio yao. Nesi alipokuja kusafisha vidonda alisubiri kwanza mpaka mlango wa zizi ukafunguka. Kabla sijaondoka Mzee aliniambia, "Nimekukasirikia, Mama Simon. Njoo kesho." Hayo ndiyo maneno yake.

Jana hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni, Josephati alikuja kwangu. Hakuingia ndani. Akauliza, "Dada, polisi utawaambia nini?" Nikamwambia, "Ulichofanya, na nilichofanya." Akasema, "Na watoto wangu?" Nikamwambia wakati wowote atakapokuwa hayupo, watakula kwangu na kulala kwangu. Akaitikia kwa kichwa. Akaomba maji, nikampa, akanywa amesimama. Alipokuwa anarudisha kikombe alisema, "Afisa mifugo amekuja tena leo. Ng'ombe wa jirani wameanza kuugua." Akaondoka. Sikumfuata.

Josephati si mtu mbaya. Najua afande hawezi kuandika hilo kama ushahidi, lakini mimi nimelisema. Moto nilikuta yeye na wenzake wameshauwasha, na kukitupa kitabu humo nimemwona kwa macho yangu, mchana kweupe, kutoka hatua kama tano. Nikiitwa mahakamani nitasema haya haya mbele yake.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyafanya. Nimesomewa, kisha nimesoma mwenyewe, na nayakubali.

Sahihi ya shahidi: L. Sulle

Maelezo ya mpokeaji: Maelezo haya yameandikwa nami, Koplo Sakaya, na kumalizika saa 5:05 asubuhi. Shahidi hakulazimishwa wala kuahidiwa chochote. Baada ya kusoma aliuliza kama naye atafunguliwa jalada kwa kunyamaza kuanzia Alhamisi hadi Jumapili. Nilimweleza kwamba hilo si kosa la jinai, na kwamba sehemu hiyo inaweza kuondolewa kwenye maelezo kwa kuwa haihusu mashtaka. Alijibu kuwa ameelewa, na akaomba isiondolewe. Haikuondolewa.