Mkono Uliokuwa Juu ya Tumbo Langu

Mjukuu wangu Nafula,

Huku Matisi tuko salama, ila mtoto anaota meno na usingizi nimeusahau. Usicheke nikikuita mjukuu. Mama yako ni mtoto wa dada yangu, kwa hivyo mimi ni nyanya yako hata kama bado nanyonyesha.

Umeuliza kama unaweza kurusha mpira mechi nzima Ijumaa, halafu urushe tena fainali Jumamosi, kwa sababu mwalimu anasema besiboli ni moyo.

Nikiwa shule huko Kimilili, nilirusha mechi mbili siku moja. Katikati nililala kidogo kwenye nyasi. Nilipoamka, jua likiwa kali, kulikuwa na mkono wa mtu juu ya tumbo langu, baridi kama ugali wa jana.

"Nanjala, si utoe mkono wako!" nikamwambia rafiki yangu.

"Mkono gani, bana? Mimi niko huku nakula muwa."

Nikaufuata kwa macho mpaka begani. Ulikuwa wangu. Nikauambia usonge, ukakataa. Halafu wakaniita uwanjani, na huo mkono ukainuka kabla yangu. Nilirusha, lakini sikusikia mpira ukitoka kwa vidole. Nani alishinda, sikumbuki.

Ukirusha mechi nzima, mama, pumzisha mkono siku nne. Mwambie mwalimu nyanya yako amekataa. Jumamosi vaa sweta, ukae na wenzako kwenye benchi, na wakikuita, usisimame.

Nyanya yako,
Mama Wafula