Jina la Folkima

Mlali, Kongwa
5 Februari 2025

Kwako mke wangu Asnath,

Hujambo huko Chimwaga? Sisi ni wazima, isipokuwa mgongo wangu, ambao siku hizi unaamka kabla yangu, na yule kuku mwekundu ameliwa na kicheche. Bibi yako anakusalimu, anasema ule vizuri. Mimi nasema usisahau kwamba una mume huku, hao vijana wa chuo wasikudanganye.

Simu nimemrudishia kaka yako Nathan. Nikiiweka sikioni nasikia mluzi tu. Tutaandikiana kama watu wa zamani, na Anyesi atabeba barua, maana kila Alhamisi anapeleka karanga soko la Majengo. Mfuate pale.

Neno lenyewe ni hili. Hilda, mke wa Nathan, anakaribia kujifungua. Akiwa wa kiume atachukua jina langu. Si hili la Yotham la kanisani, ni lile la nyumbani, Folkima. Unajua lilikotoka. Baba yangu Chiwanga alikuwa mpagazi wa Wajerumani vita ya kwanza. Ofisa wao akapigwa risasi ya paja, wapagazi wengine wakatoroka, baba akambeba mgongoni siku nne mpaka hospitali ya jeshi. Mzungu akapona. Mimi nilipozaliwa, miaka mingi baadaye, baba akanipa jina la Mzungu huyo.

Sasa mtoto akikua akaniuliza, huyo Folkima alikuwa nani, nimjibu nini? Aliishia wapi? Wewe si ndiye unayesoma historia mpaka digrii ya pili? Nitafutie mtu huyo. Jirani yetu Ernest anasema hadithi ile ilipikwa kilabuni. Miaka hamsini ananiambia hivyo! Situlii, Asnath. Nikikaa nasimama, nikisimama nakaa.

Ni mimi mumeo,
Babu

Chimwaga, Dodoma
20 Februari 2025

Shikamoo Babu,

Mimi mzima, nala vizuri, mwambie Bibi. Pole na mgongo. Karanga ulizotuma nimezipata, ingawa Anyesi amekiri kwamba mbili tatu zilimponyoka njiani.

Babu, kaa chini kwanza. Umekaa? Hadithi yako ni ya kweli! Msimamizi wangu Daktari Sidonia alisomea Ujerumani, akaniandikia kwa maktaba ya huko. Wametuletea kwa kompyuta vitabu viwili alivyoandika mtu anayeitwa Volkmar, ambalo wenyewe hulitamka Folkma. Mwaka 1916 alikuwa luteni, wanarudi nyuma kutoka Kondoa, Waingereza wanawafukuza. Ameandika kabisa: nilipigwa risasi ya paja, Mgogo mmoja akanibeba siku nne. Nilipiga kelele maktaba, mlinzi akanitoa nje.

Baadaye alipanda vyeo, kapteni, kanali, mpaka vita ya pili akawa jenerali. Babu, jenerali! Kitabu cha kwanza tumekisoma kurasa zile tu. Cha pili ndio tunaanza. Kijerumani chake kigumu, Daktari ananitafsiria akipata nafasi.

Mwambie Ernest aandae kuku.

Mjukuu wako,
Asnath

Mlali
27 Februari 2025

Mke wangu Asnath,

Salamu nyingi, sisi ni wazima mno. Barua yako nimeisomea familia, kisha nikaibeba mpaka kwa Ernest nikamsomea na yeye, taratibu, mara mbili. Akasema mtama wake unaliwa na ndege, akaondoka.

Jenerali! Baba yangu, mtu asiyevaa viatu, alibeba jenerali mgongoni! Sasa niambie ya vita ya pili. Alifanya nini na uhai ule? Maana si wa bure, Asnath. Baba alirudi na kifua kibovu. Usinifiche hata kidogo.

Babu yako

Mlali
2 Aprili 2025

Asnath,

Hujambo? Mtoto amezaliwa tarehe ishirini na tano, wa kiume, ana sauti ya mnadani. Hilda mzima. Ubatizo ni Jumapili ya Pasaka, mchungaji ameshaandika.

Wiki ya tano sasa Anyesi anarudi mikono mitupu. Unaumwa? Nimekukosea? Mtu akipita barabarani natoka nje kuangalia. Bibi yako amechoka na mimi, amenituma nikachunge mbuzi, nikawapoteza wawili.

Babu yako

Chimwaga
10 Aprili 2025

Shikamoo Babu,

Hongereni sana kwa mtoto. Samahani kwa kukaa kimya, kazi zimenizidi.

Yule Volkmar alikuwa mtu mkubwa. Baada ya vita alikaa kwao, akafa kitandani mwaka 1961, mzee. Sioni la zaidi. Nawatakia ubatizo mwema. Sitaweza kuja.

Mjukuu wako,
Asnath

Mlali
16 Aprili 2025

Asnath,

Sitakusalimu sana leo. Umeniandikia kama mtu anayetuma taarifa ya msiba kwa jirani asiyempenda. Hakuna utani, hakuna kelele za maktaba. Mimi nimekulea. Ulipovunja chungu cha bibi yako, ukiwa na miaka sita, ulinisalimia kwa sauti hiyohiyo.

Nimemwambia mchungaji ubatizo usogee. Nathan amekasirika, amesema nasumbua watu, pilau limeshapangwa. Na akasirike. Siwezi kumpa mtoto kitu nisichokijua.

Na kuna jambo sijawahi kukuambia. Njia ya kurudi nyumbani ilikuwepo siku ile ya risasi tu. Wenzake waliitumia, baba akaendelea mbele siku nne, na hao Wajerumani hawakumwachia mpaka vita ikaisha. Huku nyuma mke wake wa kwanza alibaki na watoto wawili wadogo na mmoja tumboni. Ikaingia njaa ya Mtunya, wale wawili wakafa. Nimezaliwa nimewakuta ni makaburi. Maisha yangu yote nimejituliza kwamba basi, angalau mtu mmoja alipona. Kwa hiyo usinihurumie. Niambie mtu huyo alifanya nini.

Babu yako

Chimwaga
7 Mei 2025

Shikamoo Babu,

Natumaini umeamka salama. Barua hii nimeianza mara nne. Nisamehe ile ya Aprili, nilikudanganya kwa kukuogopea.

Mwaka 1942 Volkmar alikuwa jenerali huko Urusi. Alitia sahihi amri ya kuteketeza vijiji, Daktari amehesabu kumi na tisa. Kwanza walichukua nafaka yote, kisha wakachoma nyumba, kisha wakawapiga risasi wanaume. Waliobaki waliachwa kwenye theluji bila chakula. Baada ya vita alifungwa miaka sita tu. Kitabu cha pili amekiandika akiwa huru na pensheni yake, na hajutii popote. Nimetafuta, Babu. Nimetafuta hata sentensi moja.

Na bado sijamaliza. Anasema kazi ile alijifunza ujana wake, Afrika, kwenye nyanda kavu: ukichukua ghala, huhitaji kupigana na kijiji. Tukarudi kitabu cha kwanza, kurasa za kabla ya zile tulizosoma. Wiki tatu kabla ya kupigwa risasi alipita Mlali. Mlali, Babu, ameliandika jina. Walichukua mtama na uwele wote, na mbegu, wasichoweza kubeba wakachoma.

Baba yako alimbeba mtu aliyemaliza ghala la watoto wake. Na jina lake Chiwanga halimo. Jina la punda wake ameliandika, la Chiwanga hapana. Nililia mbele ya Daktari, sikuona haya.

Usimpe mtoto jina lile. Nakuomba.

Mjukuu wako,
Asnath

Mlali
21 Mei 2025

Mke wangu Asnath,

Hujambo? Nimekaa na barua yako wiki mbili. Siku tatu za kwanza sikula, nililia, mzee mzima, Bibi yako akadhani kuna mtu amefariki. Miaka themanini na nane naitika jina la mtu aliyewaua ndugu zangu! Nilimchukia baba. Nilikwenda kaburini kwake nikamgombeza kwa sauti, wapita njia wakanikwepa.

Halafu nikamkumbuka dada yangu Nzala. Yule wa tumboni. Alizaliwa kabla vita haijaisha, akapona Mtunya. Nzala kwa Kigogo ni njaa, wewe unajua. Wazee wetu waliwaita watoto kwa yaliyowapata: njaa, msiba, vita. Hakuna aliyeipenda njaa. Walimwita vile ili isisahaulike. Mimi na kisomo changu cha misheni nikadhani jina ni zawadi. Nikatembea nalo kifua mbele, nikamtambia Ernest.

Baba alijua, Asnath. Alijua kuliko hivyo vitabu vyako. Unafikiri alikuwaje mpagazi? Walipomaliza ghala walimtwika mzigo wa mtama wake mwenyewe. Hilo aliniambia, nami nikaliruka kila nilipohadithia, kwa kuwa liliniharibia hadithi.

Na nikiwa kijana nilimwuliza, baba, wenzako walipotoroka, kwa nini hukumtua? Alikuwa anasuka kamba. Hakuinua macho. Akasema, "Alikuwa analia. Anamwita mama yake." Niliona ni jibu la kijinga, nimelificha mpaka leo. Liandike kwenye kazi yako, na jina la Chiwanga uliandike kwa herufi kubwa.

Mtoto amebatizwa Jumapili. Mchungaji aliponigeukia nitaje jina, Nathan ananikodolea macho, nilisema Abeli. Mchungaji akauliza, na la nyumbani? Nikasema hilo bado nalitumia mimi.

Njoo likizo umwone. Analia sana, na mimi ndiye ninayembeba.

Babu yako,
Folkima