Behewa la Baba Nimeliuza

Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa nimejificha ndani ya ofisi yangu mwenyewe, nisaidie kabla aibu haijanimaliza.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza mabehewa ya treni yaliyokwisha kutumika, nayakwangua kutu, nayapaka rangi, watu wanayageuza maduka, madarasa, hata saluni, na nilipoanza kila mtu alinicheka eti nimerukwa na akili, isipokuwa baba yangu, fundi wa mabehewa aliyestaafu, ambaye alikuja uwanjani ninapoyauzia siku ya kwanza na kopo lake la grisi, akalitazama behewa moja la kijani, akasema, "Hili nalijua. Mlango wake niliupachika mimi, mwaka uliozaliwa."

Tangu hapo kila asubuhi anapangusa viti, anapaka bawaba grisi, anakaa dirishani na redio yake, wateja wakija anawaeleza kila skrubu, nami nikamwambia kwa mdomo wangu, "Baba, hili haliuzwi, ni lako." Sasa mwezi uliopita alikwenda kupimwa macho, siku hiyohiyo akaja mwalimu mkuu anatafuta behewa la kufanya maktaba ya shule, nikamwonyesha manne akayakataa yote, akasimama mbele ya lile la kijani akasema hili ndilo limetunzwa, na mimi, mshauri, biashara ilikuwa imelala miezi mitatu, kreni ya kulinyanyua iko palepale, nikasema lichukue.

Baba aliporudi nikamdanganya kwamba watu wa reli wamelichukua kwa ukaguzi. Hakufoka. Akasema, "Watalirudisha tu, mama. Wanajua lina fundi." Sasa kila asubuhi anakuja na kopo lake, anaweka kiti cha plastiki pale lilipokuwa, anang'oa nyasi ili likirudi lipate pa kukaa. Nafsi inanisuta. Nimwambie, au nitafute lingine nilipake kijani lifanane?

Mwenye uwanja

Mwenye uwanja,

Hilo la kupaka lingine kijani lifute kichwani sasa hivi. Mtu aliyepachika ule mlango kwa mikono yake utamdanganya kwa rangi?

Nakuonea huruma, miezi mitatu bila mteja si mchezo. Lakini tuambiane ukweli, dada. Mwalimu aliyakataa yale manne kwa sababu hayakuwa na baba yako ndani. Uliuza asubuhi zake zote na hukumuuliza. Kisha ukampa uongo wenye matumaini, na huo ni mbaya kuliko kuuza. Kila unyasi anaoung'oa, ni wewe uliyemtuma.

Kesho, kabla hajainama, chukua kiti kingine ukae naye. Sema, "Baba, nililiuza. Nilikudanganya." Ishia hapo. Habari za kreni na za biashara kulala baki nazo. Akikasirika, ana haki. Akiendelea kukaa, kaa naye, hata kama ni mpaka mchana.

Usilidai behewa, watoto wanasoma mle. Ila mpigie mwalimu umuulize mlango unafungukaje. Najua utakuwa unakwama, hakuna anayeupaka grisi. Mweleze baba, halafu usimvute kwenda shuleni. Msubiri mpaka aseme mwenyewe, "Twende."

Siku hiyo kopo libebe wewe. Mkifika, mwache apande peke yake. Wewe baki chini, usubiri kama atakuita.