Tumemleta Malkia Nyumbani

Jumamosi, mwisho wa Agosti

Upepo leo umeamka kabla yetu. Umebeba vumbi na majivu ya mabua ya pamba wanayochoma mashambani, na hata sasa jua linaposhuka bado unatikisa mabati ya jikoni. Nimekaa kibarazani na simu mkononi. Moyo haujatulia. Nitaandika hivyo hivyo ulivyo.

Kwa aliyefika hapa leo kwa mara ya kwanza, nieleze kwanza habari ya fisi.

Alfajiri moja mwezi uliopita, mwanangu Holo, mwenye miaka saba, alitoka kufungulia kuku. Fisi alikuwa ameshaingia uani kupitia pengo kwenye uzio wetu wa minyaa. Alimkamata begani. Mimi nilitoka na kanga moja na mayowe. Aliyetoka na jembe ni mama mkwe wangu, ambaye alikuwa jikoni akiwasha moto. Alimpiga yule mnyama mpaka mpini ukavunjika. Fisi alikimbia na kipande cha sweta mdomoni.

Holo alishonwa, akachomwa zile sindano za kuzuia kichaa cha mbwa, kidonda kikafunga. Yeye mwenyewe bado hajafunga. Haendi chooni peke yake hata saa sita mchana. Ukimwita kutoka nyuma anaruka. Jioni nikirudi kutoka kwenye duka langu la dawa namkuta amekaa pale pale nilipomwacha asubuhi, mgongo ukutani.

Baba yake yuko machimboni Geita. Anapiga simu kila siku, na kila siku anasema neno lile lile: "Tafuteni mbwa."

Kirahisi hivyo.

Lakini mama mkwe ana maneno mengine. "Yule mbiti si wa porini," ananiambia. Mbiti ndiyo fisi kwa Kisukuma, na akilitamka yeye linakuwa zito zaidi. "Wa porini anaogopa kelele. Yule alinitazama."

Tangu siku ile kuna wanawake wa mtaani wanaokuja kumpa pole, na pole yao haiishi. Nikiingia wanashusha sauti. Najua wanachosema kwa sababu mmoja wao alininong'oneza dukani: eti fisi yule ana mwenyewe, na mwenyewe hayuko mbali. Jina hawajalitaja. Wanatazama tu upande wa pili wa minyaa, kwa Bibi Nyanzobe.

Bibi Nyanzobe anaishi peke yake. Macho yake ni mekundu kwa sababu amepikia kuni na samadi kavu maisha yake yote. Holo alipozaliwa na gari likachelewa, mikono iliyompokea ni ya bibi huyu. Hayo yote watu wanayajua. Wameamua kuyasahau.

Nimezaliwa mkoa huu. Najua kinachofuata jina la bibi kizee likishatamkwa kwa mganga. Sitaki hata kukiandika hapa.

Wiki hii mama mkwe aliniambia kwamba amepata mtu wa kumpeleka kwa mganga huko Mwandoya. Usingizi ulinipaa. Nikapiga goti mbele yake, kama nilivyofundishwa, nikamwambia, "Mama, nakuomba. Tutafute mbwa kwanza. Ukimwona hafai, hapo sitakuzuia."

Aliendelea kuchambua mchele.

"Haya," akasema. "Lakini nitamwona mimi mwenyewe."

Ndiyo maana nilikuwa nasoma habari za mbwa kama mtu anayesomea mtihani. Simu yangu imejaa picha zao. Wale wenye manyoya marefu, wa milima ya baridi, walinivutia kwa ukubwa, kama ndama, lakini daktari wa mifugo wa hapa alicheka. "Huyo kwa joto letu atakufa kabla fisi hajamfikia." Jemani shepadi hufundishika haraka, ila alinionya juu ya nyonga zake, kwamba huugua mapema. Mbwa wetu wa kienyeji ni hodari wa kubweka, lakini wa jirani wa mbele aliliwa na fisi mlangoni kwake, tukakuta mkia.

Mimi moyo wangu ulishaangukia kwa rotwaila. Ile shingo, kile kifua, yale mataya. Nilitaka mnyama ambaye hata mimi nimwogope kidogo.

"Usichague mataya tu, Mama Holo," daktari aliniambia. "Utaishi naye na mtoto ndani ya ua mmoja. Na usichukue kitoto. Kitoto naye atataka kulindwa." Nilimwitikia, lakini rotwaila hakunitoka kichwani.

Leo asubuhi tukakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mimi, mama mkwe na Holo, tukaenda Lalago kwa Mzee Masalu. Ni askari mstaafu, anafuga ng'ombe na mbwa wakubwa wa kuwalinda. Alikuwa na wawili wa kutuonyesha, wote watu wazima, wote wamechanjwa. Wa kwanza rotwaila dume, Komando. Wa pili jike la boerboel, mbwa wa mashambani wa Afrika Kusini, rangi ya udongo, kichwa kama ndoo, ameshaacha kuzaa. Huyo anaitwa Malkia.

Malkia alikuwa amelala kivulini. Alimnusa mama mkwe sketi, akarudi kulala. Nilimwona mvivu.

Komando alikuwa amefungwa mnyororo kwenye kigingi. Alipotuona alirusha miguu ya mbele juu, povu likamtoka, sauti yake ikanigonga kifuani. Nakiri nilifurahi. Nilijisemea, huyu fisi akimsikia tu atahama wilaya.

Holo aligoma kushuka kwenye gari. Mama mkwe akambembeleza, akamshika mkono, akashuka naye taratibu. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, nazungumza na Mzee Masalu juu ya chakula, kwamba mbwa hawa wanakula ugali na dagaa na mifupa ya buchani.

Kigingi kiking'oka hakitoi mlio mkubwa. Niligeuka kwa sababu ya uso wa Mzee Masalu.

Komando alikuwa anakuja na mnyororo unaburuzika nyuma yake, moja kwa moja kwa mwanangu. Holo hakukimbia. Alisimama kama siku ile, mikono imeng'ang'ania nguo yake. Mama mkwe alimvuta nyuma yake akainua fimbo yake. Mimi nikaanza kukimbia.

Malkia ndiye aliyefika.

Sikumwona akiinuka. Nilimwona tu ameshasimama katikati, mwili wote umemwelekea Komando, kichwa chini, kimya. Hakubweka hata mara moja. Komando alifunga breki, akazunguka kushoto, na Malkia akazunguka naye. Akaenda kulia, Malkia akawa kulia. Mzee Masalu akaruka akaukanyaga mnyororo, akamvuta dume lake.

"Samahani sana, mayu," alimwambia mama mkwe, akimwita mama kwa Kisukuma. "Samahani mno."

Mama mkwe alikuwa anamtazama Holo. Mtoto alikuwa ameshika ngozi iliyolegea ya shingo ya Malkia kwa mikono miwili, na hakutaka kuiachia.

"Huyu," mama mkwe akasema.

Kabla hatujaondoka Mzee Masalu alitueleza taratibu zake. Kwa siku za mwanzo Malkia asiachwe na mgeni. Atamngurumia kila asiyemjua anayeingia getini, ndiyo kazi yake. Mgeni ashikwe mkono na mtu wa nyumbani, asogezwe polepole, mbwa amnuse. Tukasikiliza, tukampakia. Njia nzima alilala na kichwa kwenye miguu ya Holo, na mara moja mama mkwe alimpa mkono akaulamba.

Nilidhani yaliyokuwa magumu leo yamebaki Lalago.

Tulipofika, mtaa ulikuwa umeshasikia. Wanawake wale wale wakajaa uani, wakisimama mbali, wakimsifia Malkia kwa ukubwa. Aliwangurumia kidogo tulipoingia, lakini walikuwa wengi na walisogea nyuma, nikamfunga kamba akatulia. Kisha mmoja wao akasema, kwa sauti ya kunifikia:

"Sasa tutajua. Mbwa kama huyu hakosei. Anamjua mwenye mbiti."

Nilimleta mbwa ili yale maneno yaishe, na sasa mbwa mwenyewe wamemfanya hakimu.

Na hapo, kama aliyeitwa, Bibi Nyanzobe akatokea getini na kikapu cha michembe, vile viazi vya kukausha ambavyo Holo anavipenda. Amekuja kuona mbwa kama watu wengine. Nilitaka kumpigia kelele arudi. Lakini wangeuliza kwa nini namfukuza.

Malkia akainuka. Akanguruma, ngurumo ya chini inayotoka tumboni. Halafu akabweka. Akabweka tena, kamba ikakaza mkononi mwangu mpaka viganja vikaniwaka.



"Mwadila, mayu," Bibi Nyanzobe akasalimia pale pale getini. Hakuna aliyemwitikia. Mwanamke mmoja aliziba mdomo kwa kanga. Wote wakamgeukia mama mkwe, kwa sababu neno lililokuwa linasubiriwa ni lake. Mjukuu ni wake. Jembe lililovunjika ni lake.

Nami nilimtazama. Sikujua atasema nini. Nimekaa naye nyumba moja miaka yote hii na sikujua.

Mama mkwe alijifunga kanga vizuri kiunoni.

"Mwadila, Nyanzobe. Pita ndani." Kisha akawageukia wale wanawake. "Mbona mmeduwaa? Hata mimi kanibwekea kutwa nzima. Njia yote kutoka Lalago ananibwekea tu. Au mimi nami nina mbiti?"

Holo alifumbua mdomo kusema kweli. Nikamfinya mkono.

Mama mkwe akatembea mpaka getini, akamshika Bibi Nyanzobe mkono, wakaja wote wawili hatua kwa hatua, wazee wawili, mbele ya macho yote. Malkia alimnusa bibi kidole kwa kidole, akanusa kikapu, akapiga chafya, akaketi. Kuna mmoja aliyecheka. Wengine hawakucheka. Wakaaga mmoja mmoja, kila mmoja amekumbuka ana kitu jikoni.

Wazee wale wawili walikaa wakala michembe bila maneno mengi. Alipoondoka Bibi Nyanzobe nikamfuata mama mkwe jikoni. Nilitaka kumshukuru, nikaishia kuuliza, "Mama, kwa nini?"

Alikuwa anasugua masizi ya sufuria kwa mchanga. "Niliiona mikono yake kwenye kikapu," akasema. "Ilikuwa inatetemeka kama ya mtoto."

"Na Mwandoya?"

"Siendi." Akamwaga maji. "Usifikiri kwamba siamini, Mama Holo. Yule mbiti sijui ni wa nani. Lakini sitaki mdomo utakaomtaja mtu uwe wangu."



Sasa jua limefika ukingoni. Lile pengo kwenye minyaa nimeliziba kwa miiba, na Malkia amejinyoosha mbele ya mlango. Holo amekaa karibu yake, anamhesabia vidole vya miguu. Hii ni mara ya kwanza tangu siku ile namwona amekaa bila ukuta mgongoni. Ningependa nimalizie hapo.

Lakini nimeziona nyuso za waliotoka uani kwangu bila kucheka. Najua jioni hii kuna majiko ambayo kule kubweka kunasimuliwa, na ile chafya haisimuliwi. Fisi naweza kumzibia uzio. Maneno nitayazibia wapi?

Nimezungumza na mama mkwe, na amekubali. Kesho kabla ya ibada tutamfunga Malkia kamba, tutapita naye barabara kubwa mahali watu wanapotuona, mimi, yeye na Holo, mpaka kwa Bibi Nyanzobe. Tutakunywa chai kwake, milango wazi. Na keshokutwa vile vile.

Na akimbwekea tena?

Atabweka, hajamzoea bado. Tutasimama hapo hapo pamoja na bibi mpaka mbwa anyamaze.