Mtaa Uliohamia Upande wa Pili

Jumapili, 6 Aprili

Nimefua. Nimepiga pasi sare tatu za kliniki. Nimempaka Mama dawa ya magoti. Kisha simu ya mume wangu Badi kutoka Australia, nje kabisa ya Melbourne, kwenye nyumba yetu. Mimi niko hapa Bur Dubai na Mama, namalizia mkataba huku tukisubiri viza yake ya mzazi. Badi anasema uchaguzi umekaribia na majirani wamegeuka. Mtaa ule ulikuwa wa chama kimoja tangu nyumba za mwanzo. Sasa kila ua una bango la mpinzani, mgombea wa chama kingine.

Jumatano, 9 Aprili

Nimesoma ahadi za mpinzani kwenye metro. Reli. Barabara pana. Na kufunga viza za wazazi, eti wazee wa kigeni wanajaza hospitali. Nimesoma mara mbili, nikapitiliza kituo changu.

Jumamosi, 12 Aprili

Badi ametuma picha. Amesimama nje ya bucha ya halali, kavaa fulana ya mpinzani, anagawa karatasi za kuelekeza watu kupiga kura. Badi! Aliyelala sebuleni kwa Mama mwaka mzima, Mombasa, akila na kufuliwa. Asante ya punda ni mateke.

Nikampigia.

"Wewe hukai hapa," akasema. "Masaa mawili kwenda kazini, masaa mawili kurudi. Hao wako wa chama cha zamani wametuahidi treni tangu tunanunua kiwanja. Iko wapi?"

Nikamuuliza, na Mama je?

"Mama tutaona, inshallah."

Inshallah ya fundi wa AC, asiyetokea. Namchukia leo. Naandika ili nisimwambie.

Jumanne, 22 Aprili

Ametuma ile karatasi yake ya maelekezo. "Hata kama humtaki mtu wangu, itazame uone namna ya kujaza." Nimeifuta bila kuifungua.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimepiga kura kwenye ubalozi mdogo wa Australia hapa Dubai, saa ya chakula. Kura yangu ya kwanza ya kule. Uraia niliapa mwaka nilioondoka. Majina saba. Kule huweki alama moja, unawapanga wote kwa namba mpaka wa mwisho. Juu ya karatasi imeandikwa. Niliona.

Lakini nimpe yule mpinzani namba? Hata ya saba? Thubutu. Nikaandika moja kwa yule mama anayegombea kwa chama cha zamani, kwa wengine nikaacha patupu. Kwetu alama moja inatosha. Nikatoka kifua mbele. Kazini madam akanisema kwa kuchelewa, nikasema sorry madam, moyoni nacheka.

Jumapili, 4 Mei

Bado wanahesabu. Jimbo letu wamekabana koo. Badi hajapiga simu, wala mimi sijampigia. Mama ameuliza kama huko bamia zinapatikana. Nikasema tele.

Jumatano, 14 Mei

Khalas. Mpinzani kashinda. Kwa kura chache mno, waliozipiga wangeingia wote ukumbi mmoja wa harusi na nafasi ikabaki. Na kiti hicho ndicho kilichokitimizia chama chake idadi ya kuunda serikali.

Badi kapiga simu. Nilitegemea ashangilie. Alikuwa wakala kwenye kuhesabu, amechoka.

"Watu wetu hawa, wallahi," akasema. "Nimeziona zilizoharibika. Wameandika moja tu kwa yule mama, kwingine kweupe. Nyingi. Zingehesabiwa, mtu wangu alikuwa ameanguka." Akacheka kidogo. "Wewe ulijaza zote, siyo?"

Nikasema nilijaza zote.

Nimekaa bafuni, nimefungulia maji ili Mama asinisikie. Mwezi mzima nimemlaani Badi kwamba anamfungia Mama mlango. Angalau yeye alipiga kura ikahesabiwa. Yangu ilikuwa hasira tupu, na hasira haina namba ya pili. Najiona mjinga. Mjinga mwenye cheti cha uraia.

Ijumaa, 16 Mei

Kazi nusu siku. Nimemkuta Mama kitandani na mfuko wa plastiki. Ameshuka peke yake mpaka madukani, na magoti yale, akanunua sweta ya sufu, ya kijivu, nene. Amesikia baridi ya kule si mchezo.

"Nambie, mwanangu, itanitosha huko?"

Nikasema itatosha. Akataka aijaribu. Nikamsaidia kuingiza mikono.